NANI AAMUE KWAMBA HUYU SI RAIA?

(Haya ni maneno aliyoyasema mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Babati mjini. Tumeyachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa nafasi ya kufika.)



Nimepewa kazi ya kueleza jinsi sheria ya nchi yetu inavyomwondoa mtu wa nje. Labda wengine mtasema, jambo hili latuhusu nini sisi wa Babati? Mpaka uko mbali. Namanga iko nyuma ya Arusha, Holili iko Kilimanjaro, na Sirari iko huko Mara. Lakini moja ya kesi kubwa za uraia zilizopata kusikilizwa katika Afrika ilianzia hapa hapa mjini kwetu, wala haikuanza kwa mtu aliyejificha ndani ya lori. Ilianza kwa mtu aliyekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kwa ajili ya shughuli za ndoa yake. Nitaifikia kesi hiyo. Naomba kwanza mnivumilie niifundishe sheria yenyewe, maana mimi nimetoka chuo cha ualimu na sijui kusema jambo bila kuanza mwanzo.

Kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie na nani atoke. Hapo hatuna ugomvi na Serikali. Mimi si mmoja wa wale wasemao kwamba kila aingiaye aachwe. Mtu akija kuuza dawa za kulevya, au kuwasafirisha watoto wa wenzake kama mizigo, aondolewe, na aondolewe upesi. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walitaka mgeni awe na kazi inayojulikana na mwenyeji anayejulikana. Vibali vya ukaazi havina maana nyingine zaidi ya hiyo.

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Inasema kwamba mtu asiye raia lazima awe na kibali. Daraja A ni la mwenye mtaji au kazi yake mwenyewe, Daraja B ni la aliyeajiriwa, na Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi na wamisionari. Tangu 2015 iko sheria nyingine inayomtaka mgeni wa kuajiriwa awe pia na kibali cha kazi kutoka upande wa Kazi, kwa hiyo usishangae ukiona mtu ana karatasi ya Uhamiaji lakini bado anasumbuliwa. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika Mashariki wana nafuu yao chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010: wakivuka kwa halali hugongewa muhuri wa miezi 6 bila malipo. Lakini muhuri huo ni wa kukaa, si wa kufanya kazi. Mfanyabiashara wa mbaazi atokaye Nairobi na kufungua ghala hapa bila kibali yuko katika makosa kama Mzungu yeyote.

Sasa, mtu huondolewaje? Wengi wetu husema “kufukuzwa” tu, lakini njia ziko zaidi ya moja, na mtu asiyezijua hajui apinge wapi.

Njia ya kwanza ni kukataliwa mlangoni. Mtu anafika mpakani au uwanja wa ndege, afisa anatazama hati zake, anamrudisha kwa gari au ndege ile ile iliyomleta.

Njia ya pili ni kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Sheria inataja aina za watu hao: asiye na njia ya kujitunza, aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa, mfanya biashara ya dawa za kulevya, aliyeingia kinyume cha sheria, aliyekwisha kufukuzwa zamani, na tena yule ambaye wakubwa wameona kuwapo kwake hakufai. Hiyo ya mwisho ni pana kama uwanja wa mnada. Mtu huyo hupewa taarifa ya maandishi aondoke, na akipitisha siku alizopewa amekwisha kutenda kosa jingine.

Njia ya tatu ndiyo kufukuzwa hasa. Hutolewa amri, mtu hukamatwa, hutiwa kizuizini, hupelekwa chini ya ulinzi mpaka nje ya nchi, na amri ile hubaki juu ya kichwa chake. Akirudi bila kufutiwa, ni mkosaji tangu hatua ya kwanza.

Katika yote haya afisa wa Uhamiaji ana uwezo mkubwa. Anaweza kukamata bila hati ya hakimu. Anaweza kuuliza maswali, kutaka karatasi, na kushika karatasi. Nawaambieni ukweli, hakuna askari mwingine mwenye uwezo wa kukuuliza babu yako alizaliwa wapi.

Hapa Babati tunakaa juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, ile ambayo wakoloni walisema itatoka Cape hata Cairo. Vijana wa Ethiopia hushuka kusini kuitafuta Afrika Kusini, na wanaowasafirisha huwapakia kama magunia. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na miili yao ikatupwa porini katika Mkoa wa Dodoma. Wanaokamatwa wazima hupelekwa mahakamani kwa kuingia bila kibali, hufungwa, na kifungo kikiisha bado huwa hawana nauli ya kurudi kwao. Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipokuja Chato, Rais Magufuli aliwaachilia wafungwa Waethiopia 1,789 warudi kwao. Fikirini idadi hiyo. Ni watu wa vijiji kadhaa, nao walilishwa kwa kodi zetu, wakati kosa la wengi wao lilikuwa kupita njia.

Mambo yote niliyoyaeleza yanasimama juu ya neno moja tu, nalo ni “asiye raia”. Ukikwisha kuitwa asiye raia, mlango wa sheria hii umefunguka na unaingizwa. Swali ni hili: nani anayeamua kwamba wewe si raia, kwa ushahidi gani, na ukikataa unakwenda kwa nani?

Sasa naieleza kesi yetu. Katika vitabu vya sheria inaitwa Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mtu huyu aliieleza Mahakama kwamba alizaliwa Masama, Butiama, mwaka 1979, na kwamba wazazi wake ni Watanzania. Alikuwa na pasi ya kusafiria ya Tanzania, aliyopewa na Serikali yenyewe. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi cha Babati kwa shughuli zilizohusu ndoa yake. Pasi yake ikashikwa, kwa kuwa uraia wake ulitiliwa shaka. Akaandika barua. Akangoja. Agosti 2014 akajibiwa kwamba pasi imefutwa kwa sababu yeye si raia. Kwa maelezo yake mbele ya Mahakama, alikwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa akitumaini mambo yake yatatengenezwa, lakini akakamatwa, na akalazimishwa kutia sahihi karatasi isemayo kwamba ni Mkenya. Septemba 2014 akavushwa kwenda Kenya.

Kenya nayo ikasema: huyu si wetu. Mahakama ya huko ikamwona ni mtu aliyekaa bila kibali, akarudishwa mpakani. Tanzania haikumpokea. Basi akaishi Sirari, katika kile kipande cha ardhi kilicho kati ya vizuizi viwili, ambacho si cha Tanzania wala cha Kenya. Wale mliopita Sirari mwakijua kipande hicho. Ni mahali pa kusukuma mkokoteni na kubadilisha fedha. Hapana zahanati, hapana shule, hapana balozi wa nyumba kumi. Mtu mzima, mwenye ndugu upande huu, akalala hapo.

Serikali ilijitetea. Ilisema kwamba uchunguzi wake ulikuta maelezo yanayogongana juu ya wazazi wa mtu huyu. Hilo si neno la kudharau, maana wadanganyifu wapo, na pasi huweza kupatikana kwa njia za panya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa, ilitoa hukumu tarehe 22 Machi 2018. Nawaomba mkariri mambo mawili ndani ya hukumu hiyo.

La kwanza ni juu ya mzigo wa kuthibitisha. Mahakama ilisema kwamba mtu huyu alikuwa akiishi kama raia kwa hati alizopewa na Serikali. Kwa hiyo Serikali ikisema sasa kwamba si raia, kazi ya kuthibitisha ni ya Serikali. Na kama ubishi ni juu ya nani aliyemzaa, kiko kipimo cha vinasaba cha kumaliza ubishi huo. Hapa kwetu Mkemia Mkuu wa Serikali anakifanya. Hakikufanywa.

La pili ni juu ya kusikilizwa. Mahakama ilisema kwamba hata kama mtu huyu angekuwa mgeni kweli kweli, hakustahili kuvushwa mpaka kabla ya kupewa nafasi ya kujieleza na kupinga. Wala sheria zetu hazikumpa mlango wa mahakama ulio wazi. Sheria ya Uraia ya 1995, kama ilivyotungwa, ilisema kwamba uamuzi wa Waziri katika maombi ya uraia hauwezi kukatiwa rufaa wala kupitiwa na mahakama yoyote. Kwa aliyezaliwa raia, ambaye hakuomba kitu kwa mtu, haikuweka njia ya kwenda kortini uraia wake ukibishiwa. Basi Mahakama ikaamuru sheria zirekebishwe ili kila mwenye ubishi wa uraia apate kusikilizwa na hakimu, na ikaamuru mtu huyu aruhusiwe kurudi na kulindwa, na taarifa ya utekelezaji ipelekwe katika siku 45.

Novemba 28, 2019, Mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya pili, ya mtu aliyekamatwa Mkoa wa Kagera mwaka 2010 kwa kuambiwa si raia, akakaa kizuizini miaka. Huyo naye alishinda. Lakini mwezi ule ule Serikali yetu ilikuwa imekwisha kuondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo. Kuanzia 22 Novemba 2020 mlango ulifungwa kwa kesi mpya za watu binafsi. Nchi iliyoipa Mahakama hiyo nyumba ndiyo iliyowafungia mlango watu wake. Ndugu Mwenyekiti, neno hilo sitalipamba.

Kufukuza watu kulikuwa silaha ya wakoloni, nasi tunaifahamu. Mwaka 1953 Gavana wa Uganda alimtia Kabaka Mutesa katika ndege akampeleka Uingereza, bila kesi, mpaka 1955. Katika miaka hiyo hiyo, hapa Jimbo la Kaskazini, wilaya yetu ya Mbulu ikiwa ndani yake, Wakikuyu walikusanywa wakarudishwa Kenya kwa kabila lao tu. Baadaye, Agosti 1972, Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na wengi waliokuwa raia waliambiwa karatasi zao hazifai. Ndiyo sababu Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kukubaliwa na Tanzania mwaka 1984, inakataza kufukuza watu kwa makundi, kwa taifa lao au kabila lao. Na Katiba yetu, ibara ya 17, inasema kwamba raia hawezi kufukuzwa katika nchi yake.

Na sisi tukumbuke yetu. Julai 2013 Rais Kikwete alitoa amri kwamba wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma waondoke, na Septemba ikaanza Oparesheni Kimbunga. Majambazi walikuwapo, na wananchi wa huko walikuwa wamechoka. Lakini maelfu waliovuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda walikuwamo waliokaa miaka mingi, na magazeti yaliandika habari za nyumba zilizogawanyika, mume akavuka, mke na watoto wakabaki. Nchi hiyo hiyo mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mkono mmoja unafukuza, mwingine unapokea. Pale Ulyankulu watu walisajiliwa, wakaulizwa, wakajibu, kila mmoja kwa jina lake. Tofauti yote iko hapo.

Sasa nawageukia ninyi mliokaa hapa. Mji wetu ni wa mchanganyiko. Wako Wagorowa na Wairaki, Warangi, Wabarbaigi, Wambugwe, Wanyaturu, Wachaga. Wako Wasomali na Waarabu na Wahindi ambao babu zao walifungua maduka hapa zamani. Magugu watu wa makabila mengi wanalima mpunga pamoja. Katika vikao vya usuluhishi nimesikia ugomvi wa mpaka wa shamba ukigeuka ghafla: “Huyu tena si mtu wa hapa, baba yake alitoka Kenya.” Anayesema hivyo anataka ekari mbili, hataki kulinda nchi. Anamwita Uhamiaji amfanyie kazi ambayo baraza la ardhi lilikataa kumfanyia. Mwanachama wa chama hiki atakayeonekana kufanya hivyo, mimi nitaomba kadi yake irudishwe.

Tena akina mama wajue jambo lao. Mtoto wa mama Mtanzania ana haki ya uraia kwa mama yake, hata baba akiwa mgeni. Lakini Sheria ya Uraia ya 1995 ilivyotungwa ilimpa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa, haikumpa mume mgeni wa mama Mtanzania njia hiyo. Huyo anabaki juu ya kibali, na kibali kikiisha, nyumba yote inatetemeka. Hilo nalo tulipeleke kwa mbunge, pamoja na lile swali kubwa: je, ile amri ya Machi 2018 ya kufungua mlango wa korti, Bunge limeifanyia nini? Tumuulize kwa barua, tutake jibu kwa barua.

Na mtu akija kuulizwa uraia wake, afanye hivi. Asikimbie. Ajibu kwa adabu. Aombe jina la afisa, na aombe sababu kwa maandishi, na sehemu ya sheria inayotumika. Akinyang'anywa hati yoyote, adai karatasi inayoonyesha imeshikwa na nani na lini. Asitie sahihi karatasi asiyoisoma, wala iliyo katika lugha asiyoielewa. Na kama haijui kusoma, atake mtu wake amsomee. Apeleke habari kwa ndugu zake siku ile ile, maana yule wa Sirari kutoka kukamatwa mpaka kuvushwa zilikuwa siku chache tu. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kwa Katiba, ibara ya 13, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa. Na Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia, inampokea mtu binafsi, lakini ndani ya miezi 2 tu. Ukikaa ukilia miezi 3, umechelewa.

Yote hayo ni mepesi kwa mwenye cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo penye aibu yetu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2010 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, waliosajiliwa walikuwa 16. Watoto hao leo ni vijana, wanaomba vitambulisho vya Taifa, wanaoa, wanatafuta pasi. Wengine wako humu ukumbini.

Kwa hiyo, Jumamosi ijayo, kuanzia saa 3 asubuhi, mimi na walimu wawili tutakaa ofisini kwa tawi kuwasaidia watu kujaza fomu za RITA. Njooni na kadi ya kliniki, au ya ubatizo, au cheti cha shule ya msingi. Na vyeti vya wazazi wenu, kama wanavyo. Asiyekuwa na karatasi hata moja aje na mzee anayejua alizaliwa wapi na lini. Wakunga wa zamani wa Dareda na Galapo tunawahitaji sana siku hiyo. Ada ya Serikali italipwa kwa Serikali, kwa risiti. Mtu akiwatoza senti nyingine mlangoni, nileteeni jina lake.